Kwa nini negativu moja ya Kilimanjaro hutoa milima miwili

Peleka mkanda mmoja wa filamu ya rangi kwenye studio mbili na uombe zote zikuskanie, yaani ziigeuze filamu kuwa picha ya kompyuta. Ukiziweka picha hizo bega kwa bega kwenye kompyuta, utakuta Kilimanjaro mbili. Ya kwanza theluji yake imeegemea bluu na migomba ya chini ina kijani kibichi cha ubaridi. Ya pili mlima umeingia njano na anga limefifia kama la mchana wa kiangazi, ilhali wewe ulipiga picha ile alfajiri. Watu huuliza ipi ndiyo ya kweli, na wengi huishia kuamini ile inayopendeza zaidi. Ukweli ni kwamba zote mbili ni makisio. Negativu, yaani filamu iliyooshwa ambayo mwanga na rangi zake ziko kinyume, haikuwahi kuwa na rangi za mwisho ndani yake. Ina taarifa za kutengenezea rangi hizo, na lazima mtu au mashine iamue.

Picha za mandhari ndizo zinazoumia zaidi kwa jambo hili. Picha ya harusi ina shela nyeupe, ina ngozi za watu, ina meno na macho. Fundi akikosea, kila mtu anaona. Lakini nani atamwambia fundi kwamba udongo ule ulikuwa mwekundu kiasi gani saa kumi na mbili na nusu asubuhi? Ni aliyekuwepo tu. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kuskani na kuamua rangi ni kazi mbili, na zitenganishwe. Kwanza uitoe kwenye filamu taarifa yote iliyomo bila kuiruhusu mashine iamue chochote. Baada ya hapo, kaa uamue mwenyewe.

Tuanze na kile kinachowachanganya wengi, yaani ile rangi ya chungwa inayofunika negativu nzima ya rangi. Filamu ya negativu ina tabaka kuu tatu: moja hunasa mwanga wa bluu, nyingine wa kijani, nyingine mwekundu. Filamu ikioshwa kwa mchakato wa C-41, ambao Kodak waliuleta mwaka 1972 na ambao dawa yake ya kwanza huhitaji nyuzijoto 37.8 kwa dakika tatu na robo, kila tabaka hutengeneza rangi iliyo kinyume chake. Penye mwanga wa bluu huja njano, penye kijani huja majenta (waridi iliyokolea), penye nyekundu huja sayani (bluu ya kijani). Kwa hiyo anga la bluu kwenye negativu ni njano iliyokolea, na majani ni majenta.

Tatizo ni kwamba rangi hizi za kikemia si safi. Majenta ilitakiwa izuie mwanga wa kijani peke yake, lakini huzuia na bluu kidogo. Sayani ilitakiwa izuie nyekundu, nayo hugusa kijani na bluu. Uchafu huo ukiachwa, picha hutoka na rangi za matope. Miaka ya 1940, mkemia W. T. Hanson wa Kodak alilitatua kwa namna ambayo mimi bado naiona kuwa moja ya kazi za werevu mkubwa katika historia ya upigaji picha. Ile dawa inayozaa majenta ilitengenezwa ikiwa ya njano tangu mwanzo. Pale inapogeuka kuwa majenta, unjano wake hupotea, na nafasi ya unjano huo inachukuliwa na ule uchafu wa majenta unaozuia bluu. Pale isipogeuka, unjano unabaki. Matokeo yake, bluu inazuiwa kwa kiasi kilekile kwenye fremu nzima, iwe kuna picha au hakuna. Tabaka la sayani nalo likafanyiwa vivyo hivyo kwa dawa yenye wekundu. Unjano na wekundu uliobaki ndiyo chungwa unayoiona.

Maana yake kwa anayeskani ni nzuri sana. Kosa lililosambaa sawasawa fremu nzima linaondolewa kwa hesabu moja. Ukipima rangi ya ukingo wa filamu, ile sehemu kati ya fremu na fremu ambayo haikupata mwanga, umeshapata kipimo cha chungwa yote. Gawanya kila pikseli kwa kipimo hicho katika kila chaneli, yaani nyekundu, kijani na bluu, kisha geuza picha, na sehemu ngumu imekwisha. Mafundi wa zamani walifanya jambo lilelile kwa filta za njano na majenta kwenye mashine ya kuchapia. Hawakuwa na rangi ya kweli mkononi, walikuwa na karatasi ya majaribio na macho yao.

Sasa angalia mashine inafanya nini badala yake. Skana nyingi, pamoja na zile kubwa za Noritsu na Frontier zilizojaa kwenye studio za mitaani, zikiachwa zijiendeshe hutazama fremu, hutafuta sehemu nyeusi kuliko zote na nyeupe kuliko zote, na hudhani kwamba ukichanganya rangi zote za picha unapaswa kupata kijivu. Kwa picha ya watu sebuleni, dhana hiyo hufika karibu na ukweli. Ipe sasa fremu ya mashamba ya chai ya Mufindi au Kericho, ambapo robo tatu ya picha ni kijani. Mashine inaona kijani kimezidi, inamwaga majenta ili isawazishe. Chai inapauka, barabara ya udongo inageuka waridi, na mawingu yanachukua rangi ya maji ya rosela. Ipe tembo wa Tsavo, ambao wamejipaka udongo mwekundu mpaka masikioni, wamesimama juu ya udongo huohuo. Mashine inaona nyekundu imezidi, inaondoa. Unabaki na tembo wa kijivu juu ya ardhi ya kahawia, picha ambayo ingeweza kupigwa popote. Kilichofanya mahali pale pawe Tsavo kimefutwa, na hakuna onyo lililotokea kwenye skrini.

Kwa hiyo, hatua ya kwanza ni kuizuia mashine isikisie. Katika programu kama VueScan au SilverFast unaweza kuiambia skana kwamba ulichoweka ni slaidi (filamu ambayo rangi zake haziko kinyume), si negativu, na uzime kila marekebisho ya moja kwa moja. Utapata picha ya chungwa, imegeuka, haina mvuto wowote. Hiyo ndiyo unayoitaka. Ihifadhi kama TIFF, faili lisilopoteza taarifa, ya biti 16, na uhakikishe kipande cha ukingo wa filamu kimo ndani ya fremu.

Hizo biti 16 zina sababu. Negativu hubana sana tofauti za mwanga ili iweze kubeba jua na kivuli kwa pamoja. Ndiyo sababu filamu ya negativu kama Portra ya Kodak huvumilia stopu kumi na zaidi, kila stopu ikiwa ni mwanga mara mbili ya iliyotangulia. Kilichobanwa lazima kinyooshwe wakati wa kuhariri. JPEG ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila chaneli. Ukizinyoosha, anga laini linakatika vipande kama ngazi za matuta, na hapo hakuna dawa tena. Biti 16 zinakupa nafasi ya ngazi 65,536, na anga hubaki laini.

Nikitaja anga, kuna swali linalojirudia kuliko yote: mbona ardhi imetoka safi lakini mbingu imejaa chenga? Watu hulaumu filamu, au skana ya bei ndogo. Fuata njia ya mwanga utaona. Rangi ya chungwa hupitisha nyekundu nyingi, kijani cha wastani na bluu kidogo sana. Juu ya hapo, anga angavu ni sehemu nzito ya negativu, maana mwanga mwingi uliingia pale, na kwa kuwa anga ni bluu, uzito mkubwa uko kwenye tabaka la njano, ambalo linazuia bluu. Kwa hiyo kwenye anga, chaneli ya bluu inaletewa mabaki ya mabaki. Kihisio cha skana kinapokosa mwanga hutengeneza chenga, na wewe ukija kunyoosha chaneli hiyo, unazinyoosha chenga pamoja nayo. Tiba iko kwenye kuskani, haiko kwenye kuhariri. Kama skana yako inaruhusu kuongeza muda wa mwanga kwa kila chaneli, ipe bluu muda mrefu zaidi. Kama hairuhusu, iambie isome kila mstari mara nne au zaidi na kuchukua wastani. Ukiwa unapiga picha za negativu kwa kamera juu ya kibao cha taa, ongeza mwanga kadiri unavyoweza bila chaneli nyekundu kugonga ukuta wa kulia wa histogramu, ile grafu ya viwango vya mwanga.

Slaidi ni kinyume chake. Velvia, ambayo Fujifilm waliileta mwaka 1990 na ikapendwa na wapiga picha wa mandhari dunia nzima kwa kijani chake cha kukolea, haina rangi ya chungwa kwa kuwa ilitengenezwa itazamwe moja kwa moja. Rangi zake ziko pale, unaweza kuiinua dirishani ukalinganisha. Ila haivumilii tofauti kubwa ya mwanga, stopu tano au sita tu, na vivuli vyake ni vizito kiasi kwamba skana nyingi za mezani hushindwa kupenya. Kwa slaidi, chenga huvamia msitu na mabonde, anga hubaki salama.

Ukubwa wa skani hauhitaji maneno mengi. Fremu ya 35 mm ni milimita 24 kwa 36. Ikiskaniwa kwa nukta 4,000 kwa inchi unapata pikseli zipatazo 3,780 kwa 5,670, yaani megapikseli 21, na faili la biti 16 lenye megabaiti kama 128. Inatosha kuchapisha picha yenye upana wa karibu nusu mita. Namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi la skana bapa zisikupumbaze. Skana ya aina hiyo inaweza kutangazwa kwa nukta 6,400 huku undani halisi inaotoa ukiwa chini ya nusu ya hapo. Pikseli zinaongezeka, majani hayaongezeki.

Kabla hujafungua programu ya kuhariri, hakikisha picha haijageuzwa kama kwenye kioo. Filamu ina upande unaong'aa na upande wa dawa usiong'aa, na ni rahisi kuiweka kinyume, hasa unapotumia kamera. Kwa picha ya mji, maandishi ya vibao yatakusuta. Mandhari hayana maandishi, ila Kilimanjaro ina alama yake: vilele viwili, Kibo na Mawenzi. Ukiwa Moshi unatazama kaskazini, Kibo iko kushoto na Mawenzi kulia, upande wa mashariki. Ukiwa Amboseli unatazama kusini, ni kinyume: Mawenzi kushoto, Kibo kulia. Picha ya Moshi iliyogeuzwa inakuwa picha ya Kenya yenye migomba ya Wachaga mbele yake. Zipo picha za namna hiyo zinazozunguka mitandaoni. Namba na jina la filamu kwenye ukingo zikisomeka sawasawa, picha yako iko sawa.

Sasa tuchukue fremu moja tuifanyie kazi: negativu ya asubuhi iliyopigwa kutoka upande wa Moshi, migomba mbele, Kibo nyuma, jua limetoka tu upande wa kulia.

Umeshaondoa chungwa na kugeuza. Nyeusi inatokana na ule ukingo wa filamu, kwa hiyo iko mahali pake. Bado hujui uwiano wa rangi, na kishawishi kikubwa ni kubofya kile kijiti cha programu cha kupimia weupe juu ya theluji. Usifanye hivyo. Theluji iliyopigwa na jua la asubuhi si nyeupe, ina waridi na njano ya jua, na theluji iliyo kivulini ni bluu kwa sababu inaangazwa na anga peke yake. Ukiilazimisha yoyote kati ya hizo iwe nyeupe, umeihamisha saa. Mawingu ya mapambazuko yana tatizo hilohilo, na mabati ya nyumba huakisi anga, hayaaminiki.

Njia ninayoiamini ni kutafuta fremu nyingine kwenye mkanda huohuo iliyopigwa mchana kweupe, yenye kitu cha kijivu: zege, lami iliyochakaa, wingu zito la saa sita. Sawazisha rangi kwa fremu ile, kisha nakili mpangilio wote uuweke kwenye fremu ya asubuhi bila kubadili kitu. Filamu ni ileile na imeoshwa siku ileile, hivyo tofauti inayobaki kati ya fremu hizo mbili ni tofauti ya mwanga wenyewe. Asubuhi inabaki na uasubuhi wake. Programu ikikuruhusu, funga mpangilio huo kwa mkanda mzima, na ukiziangalia fremu mfululizo utaliona jua likipanda.

Kisha angalia vivuli peke yake. Ikiwa mwanga uko sawa kwenye mlima lakini chini ya migomba kuna bluu au zambarau, basi tabaka za filamu hazikwenda sambamba, jambo la kawaida kwa filamu iliyopitwa na muda au iliyokaa kwenye joto. Kusogeza rangi ya picha nzima hakutasaidia. Utaponya vivuli na kuharibu theluji. Fungua mstari wa mkunjo (curve) wa chaneli ya bluu, shika sehemu ya giza tu, ishushe kidogo, na uifunge sehemu ya mwanga isitikisike.

Unafika kwenye mlima wenyewe. Kutoka Moshi mpaka kilele cha mita 5,895 kuna hewa nyingi, na filamu huona mwanga wa urujuanimno ambao jicho halioni, ikauandika kama bluu. Ndiyo maana milima ya mbali kwenye filamu huwa bluu kuliko ulivyoiona, hasa kama lenzi haikuwa na filta. Chagua mlima peke yake, punguza bluu, ongeza utofauti wa mwanga kidogo. Kidogo, nasema, kwa sababu bluu nyingine ni ya haki. Ndiyo inayoliambia jicho kwamba mlima uko mbali. Ile mitelezo ya programu ya kuondoa ukungu, ikivutwa mpaka mwisho, inauleta Kibo nyuma ya migomba kana kwamba unaweza kuufikia kwa mguu kabla ya chai ya asubuhi.

Weupe wa theluji usiufikishe 255, yaani mwisho wa kipimo cha 0 hadi 255. Mimi huacha sehemu angavu kabisa karibu na 240, ili kingo za barafu, nyufa na mistari ya vumbi ibaki inasomeka. Hili si suala la urembo tu. Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na negativu ya miaka ya 1970 au 1980 iliyoko kwenye kabati la mtu ni ushahidi wa ilipofikia mwaka ule. Anayeongeza weupe ili picha ivutie, au anayefuta wingu na kujaza theluji, ameharibu ushahidi ambao hautapatikana tena. Nusu ya thamani ya picha hizi iko kwenye kingo hizo ambazo uhariri wa pupa huzifuta kwanza.

Vumbi. Mwanga wa infraredi hupita kwenye rangi za filamu lakini hauvuki vumbi wala mkwaruzo, kwa hiyo skana yenye mfumo wa Digital ICE huchora ramani ya uchafu na kuuziba. Kwa negativu za rangi na slaidi nyingi mfumo huo hufanya kazi nzuri. Kwa filamu ya nyeusi na nyeupe ya fedha haufai, na kwa Kodachrome, slaidi ya zamani ya Kodak, hubahatisha, kwa sababu rangi zake huzuia sehemu ya infraredi na mashine hudhani undani wa picha ni uchafu. Wanaotumia kamera hawana msaada huo. Kipulizi cha mpira, glovu za pamba, na uvumilivu wa kukagua anga kipande kwa kipande kwa ukubwa wa asilimia 100.

Koga ni adui mwingine, na watu wa Dar es Salaam, Mombasa na Unguja wanamjua. Kuvu hula jelatini yenyewe inayobeba picha, na huacha michoro ya utando. Usiiguse filamu hiyo kwa maji wala kitambaa chenye unyevu, kwani jelatini iliyoliwa huyeyuka na picha huondoka nayo. Mahali kuvu ilipokula hapana taarifa tena, na kinachojazwa na programu ni kubuni. Kwenye anga tupu naona hakuna ubaya. Kwenye barafu ya Kibo, afadhali doa libaki.

Ukimaliza, hifadhi mafaili mawili: lile TIFF la chungwa ambalo halijaguswa, na lile ulilolihariri. Programu za kugeuza negativu zinazidi kuwa bora, na ukiwa na faili la kwanza unaweza kurudia uamuzi bila kuitoa filamu tena. Filamu zenyewe zitoe kwenye mifuko ya plastiki ya PVC, ile laini yenye harufu, uzitie kwenye ya polipropilini au karatasi isiyo na asidi. Ziweke kwenye boksi linalofunga pamoja na vipakiti vya silika jeli vya kunyonya unyevu, kwenye kabati lisilogusa ukuta wa nje, na vipakiti hivyo vibadilishwe masika yanapoingia.